Hema, Mvua na Barabara ya Kusini: Kusafiri Peke Yako Kutoka Dar es Salaam Hadi Mtwara

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni karibu kilomita 560, lami mwanzo hadi mwisho. Basi linaondoka alfajiri na jioni limefika. Mimi huchukua siku tano au sita kwenda na mbili kurudi, peke yangu, hema likiwa nyuma ya gari, na huchagua wakati wa mvua. Nimefanya hivyo mara tatu. Wakati huo mikorosho imekoza kijani, vumbi limelala, fukwe hazina watu, na mwenye nyumba ya pwani ana nafasi ya kukaa nawe barazani mkapiga soga hadi mvua ikatike. Mimi ni mwanamke, na nasema hivyo mapema kwa sababu dada zangu wengi wanaotamani safari hii huambiwa haiwezekani. Inawezekana, ila ina masharti.

Masharti makubwa ni mawili. La kwanza: saa tisa alasiri gari liwe limezimwa. La pili: kila usiku awepo mwenyeji anayejua umelala wapi. Mengine yote ukikosea utarekebisha. Haya mawili ukiyakosea kwenye mvua, giza na ugeni, huna pa kushika.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa mvua, kisha kwa mwezi

Barabara hii inapita kwenye tabia mbili za mvua. Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani wana vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Lindi na Mtwara wana msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Ndiyo maana mwezi wa pili unaweza kuondoka Mbagala jua linachoma, ukavuka Rufiji na kukuta wingu limetanda mpaka baharini. Kwa anayekwenda mara ya kwanza napendekeza mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari: mvua ya kusini utaipata, lakini nusu ya njia utaendesha pakavu, na mwili utapata siku moja ya kuzoea gari na upweke kabla ya tope.

Aprili siipendekezi kwa mtu aliye peke yake. Mvua za kaskazini na za kusini zinakutana, na Mto Rufiji unakuwa umebeba maji ya Kilombero na ya Ruaha Mkuu, yaani mvua iliyonyesha mbali sana na pale uliposimama. Aprili 2024 mafuriko yalizifunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo kikaja kimbunga Hidaya, mvua yake ikaikata barabara kuu maeneo ya Somanga, na magari yakakaa foleni siku kadhaa pande zote mbili. Fikiria uko kwenye foleni ile na mkate mmoja na chupa moja ya maji.

Kuanzia siku tano kabla ya kuondoka, soma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kila jioni, na uendelee hivyo ukiwa njiani. Yajue maneno yao: angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya machungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Kwenye angalizo mimi naendelea, ila nahama ufukwe na kulala juu zaidi. Kwenye tahadhari nabaki nilipo, tena ndani ya nyumba. Ikifika nyekundu, safari imeahirishwa, hata kama likizo ilishaombwa na kukubaliwa.

Halafu angalia mwezi. Hili wasafiri wa bara hulisahau, na ndilo linaloondoka na mahema. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huingia kwenye bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo huweza kufika mita tatu na zaidi. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, bahari isiyopanda wala kushuka sana. Siku za bamvua maji hujaa kileleni kwenye saa kumi hivi, jioni na tena alfajiri, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maana yake, bamvua itakujia usingizini, mara nyingi mvua nayo inanyesha. Panga siku zako za ufukweni ziangukie maji mafu. Ikishindikana, soma hatua ya 6 mara mbili.

Hatua ya 2: Gari

Huhitaji gari kubwa la mbugani. Nimekwenda na Toyota RAV4 ya zamani na halikunikwamisha, kwa sababu nilikaa kwenye lami na nilipotoka kwenye lami niliuliza kwanza. Unachohitaji ni gari lililokaguliwa na fundi unayemwamini wiki mbili kabla, si jana yake. Ukilipeleka jana yake, kifaa kipya kitakuharibikia Kibiti.

Anza na tairi. Tairi kipara kwenye lami yenye maji haishiki kitu. Gari linaelea na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Kashata, yaani michoro ya tairi inayoshika barabara, ziwe zimekaa vizuri kwenye tairi zote nne na kwenye spea. Kisha wipa: nunua mpya, hata kama za sasa bado zinafuta, na chukua jozi ya akiba. Betri ipimwe. Mipira ya milango iangaliwe, maana gari likivuja ndilo litakalolowesha nguo zako za akiba. Jifunze kubadilisha tairi mwenyewe, kwa mikono yako, nyumbani, mbele ya fundi, na ufanye mara mbili. Weka na kipande cha ubao cha kutandika chini ya jeki. Kwenye udongo uliolowa jeki huzama badala ya kunyanyua gari.

Vifaa vingine: kamba nene ya kuvutia gari, sepetu fupi, panga, nyaya za kuamshia betri, pampu ndogo inayotumia umeme wa gari, na pembetatu mbili za kuakisi mwanga. Mafuta yasishuke chini ya nusu tangi. Barabara ikikatika mbele yako, nusu tangi ndiyo inayokurudisha.

Hatua ya 3: Mzigo

Chombo kinachonifaa kuliko vyote ni ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Nabeba tatu: moja ya nguo, moja ya chakula, moja ya blanketi na shuka. Haziingizi maji, zinageuka kiti, meza, na ikibidi ndoo ya kuogea. Mabegi ya bei kubwa nimeyajaribu na kuyaacha nyumbani.

Hema liwe na kifuniko cha juu kinachofika karibu na ardhi pande zote. Yale yenye kikofia kidogo juu yanafaa kwa umande tu. Lipige uani kwako siku ya mvua, ulale ndani, na asubuhi upake nta au gundi ya mahema kwenye mishono iliyovuja. Chukua maturubai mawili: moja la kutandika chini, lililo dogo kidogo kuliko sakafu ya hema, na moja kubwa la kufunga juu kama paa la pili. Lile la chini likichomoza nje ya hema hata kiganja kimoja, litakusanya mvua yote na kukuingizia chini ya mgongo. Vigingi vya chuma vyembamba vinavyouzwa na hema havishiki mchanga. Mchongeshe seremala vigingi virefu vya mti, urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko.

Chandarua chenye dawa, tochi ya kichwa na betri zake, pawabanki mbili, laini mbili za mitandao tofauti, ramani iliyopakuliwa kwenye simu. Jiko la gesi la mtungi mdogo, maana kuni za msimu huu zimelowa hadi moyoni. Maji ya kunywa dumu zima, na vidonge vya kutibu maji, kwa sababu mvua zikija visima vya pwani huchanganyika na mambo mengi na kipindupindu si hadithi. Kanga tatu: moja taulo, moja pazia, moja ya heshima unapoingia kwa watu. Na kilo mbili za sukari na pakiti za majani ya chai, ambazo si zako. Nitaeleza.

Hatua ya 4: Gawanya njia

Siku ya kwanza ondoka Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa hadi saa moja, Mbagala peke yake itakula asubuhi yako. Mkuranga kuna korosho za kukaanga kandokando ya barabara. Baada ya Kibiti na Ikwiriri unafika Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, karibu mita 970 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Vuka taratibu na uangalie maji: yakiwa yametapakaa kahawia nje ya kingo, uliza Ikwiriri hali ya mbele kabla hujaendelea. Usilale hapo hata kama panapendeza. Rufiji ina viboko na mamba, na mafuriko huwasogeza karibu na watu.

Kutoka Ndundu hadi Somanga ni kilomita 60 ambazo kabla ya lami ziliwanasa watu siku na siku. Sasa zinapitika, ila mashimo hujificha chini ya maji, kwa hiyo usijaribu kufidia muda hapo. Nangurukuru, karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, unakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Ukifika saa nane mchana umefanya vizuri.

Kaa Kilwa usiku mbili. Siku ya pili bahari ikitulia chukua kibali mjini Masoko, vuka kwenda Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331. Msikiti mkuu bado umesimama, na magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Mvua nyepesi ikinyesha juu ya kuba zile na hakuna mtu mwingine ila wewe na kiongozi wako, utaelewa kwa nini sikungoja kiangazi. Lakini nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze wala usimwongezee pesa.

Siku ya tatu nenda Lindi. Ya nne nenda Mikindani, mji mdogo wa ghuba tulivu kabla ya Mtwara, wenye nyumba za kale na kuta za matumbawe. Ya tano, hali ikiruhusu, Msimbati. Usiongeze kituo kingine, hata kama siku inaonekana fupi. Siku fupi ndiyo inayokufikisha kabla ya saa tisa.

Hatua ya 5: Kuendesha kwenye mvua

Washa taa mchana kutwa. Punguza mwendo kabla mvua haijakufikia. Ukiona lami mbele imebadilika rangi, mguu utoke kwenye mafuta. Dakika kumi za mwanzo za mvua ndizo zenye utelezi zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi vya barabarani vinachanganyika na maji na bado havijasombwa. Mvua ikiwa nzito hata wipa zinashindwa, toka barabarani kabisa, ingia kituo cha mafuta au uwanja wa kijiji. Usisimame pembezoni mwa lami na kuwasha taa za hatari, maana dereva wa lori nyuma yako naye haoni.

Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, simama mbali na uyaangalie. Maji yanayotembea, kina cha sentimita 30, yaani chini ya goti la mtu mzima, yanatosha kulielekeza gari dogo yanakotaka. Kina cha sentimita 60 hubeba magari mengi. Na huwezi kuona chini kama kalavati bado lipo. Lori likipita, hiyo si ruhusa yako. Lori lina uzito na kimo ambacho huna. Ukiwa na mwenzako mmoja angebaki kando na kamba. Peke yako, usiingie hata kwa miguu kupima. Rudi nyuma hadi pakavu, zima injini, pika chai. Vijito vingi vya pwani hupungua ndani ya saa mbili tatu mvua ikikatika. Visipopungua, rudi mji uliopita ukalale. Mto mkubwa ni jambo jingine: huo haungojwi kwa saa, unangojwa kwa siku.

Injini ikizimika majini, usiiwashe tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, kuwasha ndiko kunakoivunja. Sukumisha gari hadi pakavu, ita fundi. Na ukishavuka dimbwi la kawaida, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa zikauke kabla hujazihitaji.

Hatua ya 6: Omba pa kulala, kisha chagua mahali

Hapa ndipo safari yote ilipo.

Kijiji chochote utakachoingia, usianze na ufukwe. Anza na watu. Egesha gari panapoonekana, shuka, funga kanga vizuri, ulizia mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Maeneo haya watu hawajasahau mauaji ya viongozi wa vijiji Kibiti na Rufiji mwaka 2017, na mgeni anayelala vichakani bila kujitambulisha anawatia hofu wenyeji. Wana haki. Mazungumzo yangu huwa hivi:

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Karibu kiti."

"Asante. Mimi ni msafiri, natoka Dar es Salaam, naelekea Mtwara. Nina hema langu. Naomba ridhaa yenu nilale kijijini usiku mmoja, mahali mnapoona pana usalama, na kama inawezekana karibu na nyumba ya mama mmoja."

Onyesha kitambulisho bila kuombwa. Andikishwa kwenye daftari kama lipo. Usitaje pesa kwanza. Subiri uoneshwe mahali, halafu uliza utaratibu wa kijiji ukoje. Kama ni kwa familia, sukari na majani ya chai vinaingia jikoni mkononi mwa mama, siyo kwa mwenyekiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wazee walisema, na mwenyeji wako lazima apone kweli, maana usiku ule anakulinda. Sijawahi kukataliwa. Mara moja nilielekezwa kijiji cha pili kwa sababu mwenyekiti alikuwa msibani, na kwa kuwa ilikuwa saa tisa na nusu tu, nilifika kule jua bado liko juu.

Mijini, Kilwa Masoko, Lindi na Mikindani, ni rahisi zaidi. Omba kwenye gesti upige hema uani kwao na ulipie choo na bafu. Mlinzi yupo, na paa lipo karibu.

Ukishapata ruhusa, muulize mwenyeji swali moja: maji hupita wapi hapa? Safari yangu ya kwanza nilipiga hema kwenye kibonde cha mchanga laini, kimekingwa na upepo pande zote, pazuri kama kitanda. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniambia, "Hapo maji hupita, mwanangu." Nilidhani anazungumzia masika. Saa tisa usiku mvua ilikuwa haijanyesha hata nusu saa, na mto ulikuwa umeshaingia hemani. Niliokoa simu na kanga moja, nikalala kwenye gari nikitetemeka. Mchanga laini ulikuwa laini kwa sababu maji ndiyo yaliyoutandaza. Mzee akikuambia, hama.

Ufukweni tafuta mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji. Hapo ndipo bahari ilipofika juzi au leo. Lakini siku za maji mafu mstari huo unadanganya, kwa sababu bamvua itapanda juu yake. Panda mpaka ukute majani yatambaayo na vichaka vyenye mizizi ya miaka, kisha panda tena hatua ishirini. Siku za bamvua, faida ya kufika saa tisa ndiyo hii: utayakuta maji yanaelekea kileleni, na utaona kwa macho yako yanaishia wapi.

Chini ya mnazi, hapana. Nazi moja ikidondoka na upepo inaua, na kuti kavu linapasua hema. Mivinje inafaa kukinga upepo, ila si mmoja uliosimama peke yake, kwa ajili ya radi. Karibu na mikoko pana tope, mbu na usubi. Nyuma ya nyumba ya mtu, upande usiopigwa na upepo, juu ya ardhi inayoteremka kidogo: hapo ndipo.

Hatua ya 7: Kupiga hema mvua ikinyesha

Turubai la juu kwanza. Funga kamba kati ya gari na mti, tandaza turubai, kaza upande mmoja chini kuliko mwingine ili maji yateremke. Sasa una paa, na chini yake unapiga hema pakavu. Mgongo wa hema uelekee upepo. Januari na Februari upepo wa kaskazi hutokea kaskazini mashariki, kwa hiyo mlango wangu hutazama kusini magharibi. Upepo wa mvua hugeuka ghafla, kwa hiyo kamba zote zifungwe hata kama kumetulia. Mchanga ukiwa mlegevu, fukia kigingi kikiwa kimelala, kamba ikiwa imefungwa katikati, kisha kanyagia. Kamba za nailoni hulegea zikilowa: zikaze tena kabla ya kulala.

Chimba mfereji wa kina cha vidole vinne upande wa juu wa hema, uzungushe hadi upande wa chini. Asubuhi ufukie.

Viatu vyenye tope na mwavuli vibaki nje ya mlango, chini ya turubai, vikiwa vimefunikwa. Kabla ya kuvaa viatu asubuhi, vikung'ute. Nge na tandu hutafuta pakavu kama wewe.

Hatua ya 8: Usiku

Pika chini ya turubai, pande zikiwa wazi. Usiingize jiko hemani, la gesi wala la mkaa, hata kwa dakika tano za kujipasha moto. Hema lililolowa halipitishi hewa vizuri, na hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu. Watu hulala na wasiamke. Ukiona baridi, chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu, ifunge kwa kanga uilaze miguuni.

Chakula changu cha mvua ni wali wa nazi na samaki aliyekaangwa na mama mwenyeji, kama ameuza. Kama hakuna, uji wa tangawizi na mihogo. Kula mapema, osha vyombo, funga chakula chote ndani ya ndoo na uiweke garini. Ingia ndani ya chandarua kabla ya magharibi.

Saa moja usiku tuma ujumbe kwa watu wawili nyumbani: jina la kijiji, jina la mwenyeji na namba yake ya simu. Elewana nao kabisa kabla ya kuondoka kwamba kama ujumbe haujafika hadi saa tatu, wampigie mwenyeji wa jana na kuanza kukufuatilia kutoka pale. Namba ya dharura ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Radi ikianza, ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, toka hemani, ingia garini, funga vioo, usiguse chuma. Kaa humo nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Ndiyo maana ufunguo wa gari hulala shingoni mwangu, na gari huegeshwa pua ikitazama njia ya kutokea.

Homa ikikushika njiani, usianze kumeza dawa mseto kwa kubahatisha. Nenda zahanati upimwe malaria siku hiyohiyo, na usiendeshe siku hiyo.

Hatua ya 9: Asubuhi, na Msimbati

Mvua nyingi zilizonikuta pwani zilianguka kati ya usiku wa manane na asubuhi. Kwa hiyo usikurupuke. Ngoja saa mbili au tatu, jua litoke kidogo, lipige hema mgongo. Ng'oa hema la nje kwanza, likung'ute, liweke peke yake kwenye kiroba. Hema la ndani likae mbali nalo. Zunguka gari: tairi, chini kuna nini, maji ya rejeta. Muage mwenyeji ana kwa ana, hata kama kalala. Ukimkosa, muage mkewe.

Msimbati, mashariki ya Mtwara, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na kuna kiingilio cha kulipa. Ufukwe wake ni mpana, na utaona magari yameshuka mchangani. Lako libaki juu isipokuwa una gari linalovuta magurudumu manne na maji yanakupwa. Ukishuka, punguza upepo wa tairi hadi psi 20 hivi, usisimame ghafla, usikate kona kali, na urudi juu kabla maji hayajageuka. Ukirudi kwenye barabara ngumu jaza upepo tena. Hiyo ndiyo kazi ya ile pampu. Njia ya kwenda huko hupitia udongo ambao mvua ikinyesha sana hugeuka sabuni. Uliza Mtwara asubuhi ileile. Wakisema jana gari lilikwama, baki Mikindani, kaa ukutani, angalia mitumbwi.

Hatua ya 10: Ukirudi nyumbani

Kabla hujalala siku ya kurudi, osha gari chini kwa maji baridi mengi, hasa kwenye breki na matao ya magurudumu, chumvi itoke. Suuza zipu za hema kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo safari ijayo zitakwama. Kisha lianike kivulini siku mbili, ndani na nje, mpaka mishono ikauke kabisa. Na mpigie kila mwenyeji umwambie umefika.